Huyo Simba Simjui

Nianze kwa kukiri kosa langu. Tulipomzika babu yangu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ndugu waliniambia, "Wewe ndiye mtu wa mashairi, tuandikie kitu." Nikaandika. Beti kumi na mbili, vina na mizani vimetimia. Nikampa jina la Simba wa Masaka, nikamfanya aziendee risasi kifua wazi na kuwafyeka askari wa Amin kama majani. Mshereheshaji akanipa kipaza sauti, nikasoma, watu wakapiga makofi pale pale msibani. Jioni, tukiwa jikoni tunatafuna michembe, bibi akaniambia bila hasira, "Mjukuu wangu, umesoma vizuri. Ila huyo simba uliyemsifu mimi simjui."

Makala haya ni jibu langu kwa bibi. Ni ugomvi pia, na ugomvi wenyewe ni na sisi tunaoandika.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, mashairi yanamwagika mitandaoni. Ukisoma matano umesoma yote: simba, radi, damu, nduli. Na hatukuanza jana. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa *Kuzama kwa Idi Amin*. Mwaka uliofuata Henry Muhanika akatoa *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada*. Sivibezi vitabu hivyo. Viliandikwa majivu yakiwa bado ya moto. Lakini hebu tazama majalada tu: jina la mtu lililobebwa na vichwa vya vitabu vyote viwili ni la adui. Zaidi ya miaka arobaini baadaye bado tunapima ushujaa wa watu wetu kwa ukubwa wa mtu waliyemwangusha.

Babu yangu alikuwa mgambo. Amin alipolivamia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, huku kwetu kulikuwa bado ni mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Jeshi halikuwatosha wanajeshi wake wa kudumu. Mgambo waliitwa, na katika muda mfupi idadi ya waliobeba silaha ikavuka laki moja. Kwa hiyo wengi waliokwenda walikuwa wakulima na wafugaji, siyo masimba. Babu aliacha jembe wakati wa kupanda pamba.

Katika maisha yake yote alikuwa na hadithi moja tu ya vita, na sisi wajukuu tulikuwa tunaicheka.

Masaka ilikuwa imeshatekwa, mwishoni mwa Februari 1979, nao wanatembea kuelekea Lukaya. Watu wanasahau kwamba sehemu kubwa ya vita ile ilipiganwa kwa miguu. Babu miguu imemvimba, malengelenge yamepasuka. Uani kwa mtu akaona baiskeli, akaichukua. Akafunga mzigo wake nyuma, akawa anaisukuma. Baada ya mwendo akageuka, akamwona kijana anakuja nyuma yao kwa mbali. Wakisimama, anasimama. Wakienda, anakwenda. Hasemi kitu, mikono ameiweka kichwani ili waone hana silaha. Wenzake wakamwambia amtishe kwa risasi moja ya hewani, atakimbia. Babu akasimama kidogo. Halafu akafungua mzigo wake, akailaza baiskeli kando ya barabara, akaendelea na safari mzigo ukiwa mgongoni. "Wenzangu walirudi na redio," alikuwa anasema. "Mimi nimerudi na miguu mibovu." Nasi tunaangua kicheko.

Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Nilipoandika shairi la msiba sikuikumbuka hata kidogo, kwa sababu katika kichwa changu haikuwa hadithi ya vita.

Sasa tuseme jambo ambalo mashairi ya Julai hayasemi. Masaka, pamoja na Mutukula pale mpakani, ilibomolewa na askari wetu, na sehemu kubwa ya ubomoaji huo ilikuwa kisasi cha yale waliyofanyiwa watu wa Kagera. Kisasi kilikuwa na sababu yake: askari wa Amin waliua raia, wakabaka, wakaswaga ng'ombe, wakalivunja daraja la Kyaka. Najua. Lakini mwenye duka wa Masaka hakuvunja daraja lolote. Wote tunaikariri hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978: uwezo, sababu, nia. Babu yangu, akiwa na malengelenge miguuni, alijikuta mbele ya kitu cha nne: kiasi. Uwezo wa kumfukuza yule kijana alikuwa nao. Sababu, miguu ilimpa. Nia aliipata mwanzo, maana baiskeli aliichukua mwenyewe kwa mikono yake. Halafu akaacha.

Hapo ndipo ninapoliweka neno shujaa. Shujaa wa vita ni mtu aliyekuwa na bunduki mbele ya mtu asiye na bunduki, akajizuia.

Najua mtanipinga. Wa kwanza atasema, kila aliyevaa gwanda ni shujaa. Haya. Idi Amin naye alivaa gwanda. Alijiunga na jeshi la KAR la Waingereza mwaka 1946, akafika hadi Kenya kupigana na Mau Mau. Mkongwe wa vita kabisa, na nishani kifuani tele, nyingine amejitunuku mwenyewe. Kama gwanda linatosha, basi mwekeni na yeye kwenye orodha.

Wa pili atasema, shujaa ni aliyekufa. Namheshimu marehemu. Lakini hesabu iliyoandikwa ya askari wetu waliokufa katika vita ile ni 373, na kati yao 96 ndio waliouawa katika mapigano. Wengine wengi walichukuliwa na ajali na mambo mengine yasiyo risasi. Aliyepinduka na lori hakufyeka mtu. Tukisema ushujaa ni kufyeka, tunawanyang'anya heshima hao hao tunaowawekea mashada.

Wa tatu ndiye mgumu: "Wewe hukuwepo. Unapata wapi ujasiri wa kuwahukumu wazee?" Sihukumu. Sijui ningefanya nini mimi na miguu ile, na baiskeli iko pale. Pengine ningefyatua hiyo risasi ya hewani na nisingeisimulia milele. Ninachokataa ni sifa zinazomziba mzee mdomo. Ukishamwita simba, atakusimuliaje habari ya baiskeli? Itakuwa aibu. Na yule aliyefanya ubaya Masaka, anayeamka usiku mpaka leo, naye utakuwa umemfungia mlango. Simba haombi radhi.

Na tusichanganye madaftari mawili. Matibabu na matunzo ni deni letu kwa kila aliyepelekwa vitani, awe shujaa au asiwe. Deni halina beti. Mkulima aliyeacha shamba na kurudi kilema hapaswi kwanza kuthibitisha kwamba alikuwa simba. Sifa ni daftari jingine. Tabu yetu ni kwamba tumezoea kulipa la kwanza kwa maneno ya la pili, kwa sababu maneno hayatugharimu.

Kwa hiyo ndugu waandishi, kabla ya Julai 25 ijayo, kama kwenu bado yupo mzee aliyekwenda, kaa naye. Usimuulize aliua wangapi. Muulize siku gani alikuwa na uwezo wa kumdhuru mtu akaacha, au hakuacha. Halafu nyamaza, hata kama hadithi inachekesha. Sisi tulicheka miaka yote ile, na sasa hayupo wa kumuuliza yule kijana alikuwa na umri gani, wala kama aliiokota baiskeli yake.

Shairi nimeliandika upya. Lina beti tatu na halina mnyama yeyote. Nikienda Bariadi msimu wa kuuza pamba nitamsomea bibi. Akisema huyo anamjua, hapo ndipo nitalichapisha.