Haipa na Haipo

Kiingereza kilipofanywa lugha rasmi ya Burundi mwaka 2014, kando ya Kirundi na Kifaransa, watu wazima wengi wa Bujumbura walikuwa wamekwisha kutoka shuleni. Basi baba aliye kambini, au mama wa Buyenzi, aonapo katika karatasi ya hospitali neno kama "electroencephalogram", huliruka. Si lazima. Msemaji wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kuunganisha vipande: "hatutawasomesha" ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Neno lile la daktari lina silabi 8, lakini vipande vyake ni vichache, navyo asili yake ni Kiyunani: "electro" ni umeme, "en" ni ndani, "cephalo" ni kichwa, "gram" ni maandishi. Kilichomo ndani ya kichwa ni ubongo. Kwa hiyo hayo ni maandishi ya umeme wa ubongo.

Ugumu uko katika mkazo. Kiswahili huuweka, karibu sikuzote, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza huuhamisha kwa kufuata kiishio cha neno. Maneno ya "-itis", kama "hepatitis", ugonjwa wa ini, hufuata mkazo ule ule wa Kiswahili. Bali "thermometer", kipimo cha joto, husikika "tha-MO-mi-ta", wala si "tha-mo-MI-ta". Akoseaye hapo huchekwa tu.

Lakini kuchanganya "hyper" na "hypo" si jambo la kuchekesha. La kwanza ni kuzidi, la pili ni kupungua. "Glyc" ni sukari, "emia" ni damu. Basi "hyperglycemia" ni sukari kuzidi katika damu, na "hypoglycemia" ni kupungua kwake. Kiingereza kisemwapo upesi, "haipa" na "haipo" hukaribiana mno. Mgonjwa wa kisukari atetemekaye na kutokwa jasho kwa kupungukiwa sukari hupewa mara moja chai yenye sukari nyingi, maadamu ana fahamu na aweza kumeza. Aliyezidiwa na sukari, chai hiyo hiyo humwongezea maradhi. Kwa bahati njema Kiswahili kimekwisha kumwekea mwuguzaji alama: "hypo" ni "haipo", yaani sukari haipo ya kutosha. Na asiposikia vema katika simu, amwulize daktari kwa Kiswahili au Kirundi: imezidi, au imepungua?