Fundi Alipwe kwa Kupima: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA)

Nakala: Wakuu wa Wilaya za Tarime na Serengeti, Wakurugenzi wa Halmashauri ya Mji wa Tarime, Halmashauri ya Wilaya ya Tarime na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti, Tume ya Ushindani (FCC)

YAH: MAFUNDI MAGARI WA TARIME NA SERENGETI KUPATIWA UJUZI WA KUPIMA UBOVU WA MAGARI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mama mfanyabiashara, na nina Noah inayobeba abiria kati ya Tarime na Mugumu, wilayani Serengeti. Naomba mamlaka yako iwafuate mafundi wa gereji zetu pale pale wanapofanyia kazi, iwafundishe kutambua ubovu wa gari kwa vipimo, na wanaostahili wapewe cheti. Ukiwa ofisini ombi hili linaweza kuonekana dogo. Huku kwetu linaamua kama gari litarudi barabarani kesho au litalala juu ya mawe hadi mwenye gari afilisike.

Wilaya hizi mbili zinategemea magari kwa kila kitu. Barabara kuu ya kutoka Mwanza inavuka Daraja la Kirumi, inapita Tarime Mjini na kufika mpakani Sirari. Anayekwenda Mugumu hupitia Nyamwaga na Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara, kisha huvuka Mto Mara. Kutoka Mugumu kuna njia ya Nata na lango la Ikoma, zinakopita Land Cruiser za watalii. Kuna Probox za magulioni, Hiace za abiria, Fuso za mahindi na ng'ombe, na gari la mgonjwa linaloitwa usiku wa manane. Kiangazi vumbi linaziba chujio la hewa na rasta za barabara zinalegeza kila nati. Masika tope linaingia kwenye soketi za nyaya. Magari mengi kati ya haya yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na injini na giaboksi zake zinaongozwa na kompyuta. Anayekabidhiwa ni fundi aliyejifunza kazi kwa kumtazama fundi mwenzake, kwa sikio na kwa mkono, na hajawahi kufundishwa umeme wa gari hata siku moja.

Nieleze yaliyolipata gari langu, kwa kuwa yanawapata wengi. Taa ya O/D OFF ilianza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi. Gia zikawa zinachelewa kuingia, na mshale wa spidi ukalala. Gereji moja, ambayo sitaitaja jina, ilitoa hukumu bila kushika mita wala kufungua soketi hata moja: "Mama, giaboksi imekwisha, tafuta nyingine." Giaboksi ya mtumba ikanunuliwa, ikafungwa, ikajazwa mafuta mapya. Taa ikaendelea vilevile. Sasa nikaambiwa kompyuta ya gari imeungua, ninunue na hiyo. Muda wote huo dereva na konda walikaa nyumbani bila posho, na marejesho ya mkopo hayakusubiri.

Fundi mmoja wa Mugumu ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mshale wa spidi ulilala lini, kabla ya taa kuwaka au baada yake? Aliliendesha gari kidogo, akaingia chini, akapima nyaya za sensa ya spidi, akakuta waya mmoja umekatika ndani ya soketi iliyojaa tope kavu. Kompyuta ilikuwa haipati taarifa ya mwendo, kwa hiyo haikujua wakati wa kubadilisha gia. Akaunga waya, akasafisha soketi, gari likaondoka.

Sasa tazama malipo, Ndugu Mkurugenzi. Gereji iliyokosea ilipata ujira wa kushusha giaboksi na kuipandisha, na huenda ilipata na cha juu kwa muuza spea. Fundi aliyepatia alipata ujira wa kuunga waya. Gereji zetu hazilipwi kwa kupima. Mteja hufika akasema "hebu niangalizie", na kuangalia ni bure, hivyo fundi hula kwa kile kilichofunguliwa na kufungwa. Akikwambia giaboksi yako ni nzima, amejinyima chakula cha siku hiyo. Hospitalini tunalipia kipimo cha damu hata majibu yakionyesha hatuna malaria, na hakuna anayeona kaibiwa. Kwenye gereji tumejenga utaratibu unaomlipa zaidi anayebahatisha, kisha tunashangaa kwamba mwaminifu hapatikani.

Siwaiti mafundi wetu wezi. Wapo wanaodanganya kwa makusudi, wanaochomoa spea nzima na kufunga mbovu, na hao ni wa polisi na mahakama. Walio wengi ni vijana wachapakazi wanaobahatisha kwa kuwa hawana kipimo wala hawajafundishwa kukitumia. Kwa mwenye gari, hata hivyo, uongo na kubahatisha vinamgharimu sawasawa, na hana namna ya kuvitofautisha.

Wengine wamenunua mashine ya kusoma makosa ya kompyuta. Ni hatua nzuri, ila mashine mikononi mwa asiyefundishwa inaongeza tu ujasiri wa kubahatisha. Chukua kosa la P0171. Namba hiyo inasema injini inapata mafuta kidogo kulinganisha na hewa, na inaishia hapo. Haisemi kipi kimeharibika. Huenda mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imejaa vumbi, chujio la mafuta limeziba au pampu imechoka. Kwa barabara zetu, vumbi lingepaswa kuwa mtuhumiwa wa kwanza. Lakini mara nyingi fundi akiona namba tu anaagiza sensa ya oksijeni, ikifungwa bila matokeo anaagiza nozeli, na kila jaribio linalipwa na mwenye gari.

Kuchaji ni hivyo hivyo. Betri nzuri ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu 12.6, na injini ikiwaka mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Mita ndogo ya mkononi, ambayo bei yake haikaribii ya altaneta, inajibu swali hilo kwa dakika chache. Hata hivyo altaneta zinabadilishwa kwa sababu ya kichwa cha betri kilicholegea. Gari likichemsha, wa kwanza kulaumiwa ni silinda hedi, kabla mtu hajapima mfuniko wa rejeta wala feni. Kisha kuna mazoea ya kuing'oa termostati na kuitupa, ati nchi yetu ni ya joto. Mtu aliyewasha gari Tarime alfajiri ya mwezi wa 7 anaijua baridi yetu. Injini isiyo na termostati inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na mwaka unaofuata mwenye gari anauziwa dawa ya ugonjwa aliopewa na gereji.

Mamlaka yako ina dawa mkononi. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mnao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anafundishwa pale alipopungukiwa, kisha anapata cheti kinachotambulika. Ufundi magari ni mojawapo ya fani hizo. Shida yetu ni umbali. Mnacho chuo Musoma, lakini fundi wa Nyamongo au Mugumu anayelisha familia kwa kazi ya kila siku hawezi kufunga gereji akaenda kuishi huko. Nina maombi matatu.

Kwanza, walimu na wapimaji wenu waje Tarime Mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu kwa ratiba inayojulikana, wafundishe ndani ya gereji zenyewe, kwa magari yaliyolala pale. Mafunzo yaanze na kupima: kumhoji dereva, kulijaribu gari barabarani, kutumia mita, kusoma kosa la kompyuta na kulithibitisha kabla ya kugusa spea, kupima kompresheni na presha ya rejeta. Majina ya watakaofaulu yabandikwe kwenye ofisi za kata na stendi, yakionyesha fani na kiwango cha kila mmoja. Leo fundi mwaminifu anapatikana kwa kunong'onezana, "nenda kwa yule wa nyuma ya soko." Dereva mgeni aliyeharibikiwa Nata hana wa kumnong'oneza.

Pili, tengenezeni pamoja na halmashauri kadi ya kazi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, itumike gereji zote. Iandikwe malalamiko ya dereva, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, ubovu uliothibitishwa, bei ya spea na bei ya ufundi, na saini ya mwenye gari kabla ya kazi kuanza. Iwe na mstari wa ada ya kupima, inayolipwa hata kama hakuna spea iliyobadilishwa. Na spea kuukuu irudishwe kwa mwenyewe. Haya si mambo ya kufikirika. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria ya matengenezo ya magari mwaka 1971, na gereji za huko zinatakiwa kumpa mteja makadirio ya maandishi na kupata kibali chake kabla ya kuanza kazi, naye akiomba mapema anarudishiwa spea iliyotolewa. Halmashauri zetu ndizo zinazotoa leseni za biashara na zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, kwa hiyo kadi hii inaweza kuanza bila kusubiri Bunge.

Tatu, vifaa. Mashine nzuri ya kupima ni mzigo kwa fundi mmoja, ila kikundi kinaweza kuimudu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo ilirejea mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka 2023. Vijana wa gereji waliopata cheti chenu wapewe nafasi ya kukopa mashine na mita kama kikundi. Tena sheria ya madini inautaka mgodi kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuhudumia jamii. Kituo kimoja cha kupimia magari pale Nyamongo, kinachotumiwa kwa zamu na mafundi wenye cheti, kingefaa kuingizwa kwenye mpango huo.

Kwa Tume ya Ushindani, inayopata nakala hii, nina neno fupi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kumwambia mtu anunue giaboksi asiyoihitaji, bila kupima, ni kumpotosha, na kadi ya kazi itampa ushahidi ambao leo hana. Mtufikie pia kuhusu spea bandia. Plagi au chujio bandia linaweza kumfanya fundi aliyepima vizuri aonekane mjinga mbele ya mteja.

Wenye magari wenzangu nao wanisikie, kwa sababu mzigo huu hauwezi kubebwa na serikali peke yake. Tukimkuta fundi anayehoji kabla ya kufungua boneti, anayepima kabla ya kuagiza na anayetuonyesha kipimo kwa macho yetu, tumlipe kwa hayo, hata akisema gari ni zima. Tukimlipa kwa waya tu, tunamfundisha kwamba kesho aseme giaboksi.

Naomba ofisi yako itujibu hadharani ni lini wapimaji wenu watafika Tarime na Mugumu. Wakija, gari langu lipo, walitumie kufundishia, na ada ya kupima nitalipa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama mwenye gari la abiria,
Tarime Mjini, Mkoa wa Mara