Si Kila Unyayo Bapa Uhitajio Kisu

Mtoto akikanyaga sakafu kwa miguu iliyolowa, akaacha alama ya wayo mzima bila ule mkato wa upande wa ndani uonekanao katika nyayo za watu wengi, wazazi huingiwa na hofu. Huulizana kama mtoto huyo ataweza kukimbia na wenzake, au kama atakubaliwa jeshini atakapokuwa kijana. Aghalabu hofu hiyo huwapeleka dukani, wakanunua viatu vizito vyenye kinundu cha kuinua unyayo, kwa bei isiyolingana kabisa na kipato chao. Wako pia wanaofika hospitalini kuuliza juu ya upasuaji. Mambo haya yafaa yasahihishwe, kwa sababu unyayo bapa ulio mgonjwa upo kweli, na mara nyingi ndio usioangaliwa na mtu.

Kila binadamu huzaliwa na nyayo bapa. Chini ya unyayo wa mtoto mchanga pana mafuta mengi, na kano zinazoshikanisha mifupa yake bado ni laini. Uvungu wa unyayo hujengeka polepole katika miaka kumi ya kwanza ya maisha. Wapo ambao haujengeki sana: hukadiriwa kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila watano ana nyayo zilizo bapa, na wengi wao hulima, hubeba mizigo na hucheza ngoma hadi uzeeni bila kujua kwamba hali hiyo ina jina. Kipimo chake ni chepesi. Mtu asimame kwa ncha za vidole. Ikiwa uvungu utajitokeza na kisigino kikageukia ndani, basi unyayo huo ni mlegevu tu. Nao usipouma, hauna ugonjwa.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1947 madaktari Harris na Beath wa Kanada walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miguu ya askari zaidi ya 3,600. Waliona kwamba unyayo bapa ulio mlegevu haukumzuia askari kutimiza kazi yake. Walioteseka ni wale ambao kano ya kisigino ilikuwa fupi, au ambao mifupa ya unyayo ilikuwa imekakamaa. Mwaka 1993 uchunguzi mwingine, uliofanywa miongoni mwa askari wa miguu 246 wa Marekani, ulionyesha kwamba wenye nyayo bapa zaidi hawakuumia zaidi ya wenzao mazoezini. Kinyume chake, waliumia kwa uchache. Kuhusu viatu vya kurekebisha, matokeo ya jaribio la miaka mitatu, lililohusu watoto 129 huko Marekani, yalichapishwa mwaka 1989. Nyayo za watoto waliovalishwa viatu hivyo ziliendelea vizuri, na nyayo za wale ambao hawakuvalishwa chochote ziliendelea vizuri vilevile.

Nchini India, Rao na Joseph walichunguza alama za nyayo za watoto 2,300 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1992. Miongoni mwa watoto wavaao viatu, wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6, miongoni mwa waendao pekupeku walikuwa asilimia 2.8. Bila shaka hakuna anayeshauri mtoto akanyage miiba na vijidudu ili apate uvungu, lakini mzazi aliyekosa fedha za viatu maalumu hana sababu ya kujilaumu.

Wagonjwa wa kweli ni wengine. Yuko mtoto ambaye mifupa miwili ya unyayo wake imeungana tangu kuzaliwa, na ambaye maumivu huanza akaribiapo ujana. Na yuko mtu mzima, mara nyingi mwanamke aliyepita umri wa miaka 40, aliyekuwa na uvungu mzuri maisha yake yote, kisha unyayo wa mguu mmoja ukaanza kuporomoka. Huyu wa pili ndiye anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi.

Nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, hupita kano inayoshikilia uvungu wa unyayo kama kamba ishikavyo tanga. Kano hiyo ikichakaa, kifundo huvimba na kuuma, kisigino huelekea nje, na mgonjwa hushindwa kusimama kwa ncha ya mguu huo peke yake. Unene, kisukari na shinikizo la damu huongeza hatari. Katika hatua za mwanzo wagonjwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, kwa kufungwa plasta wiki kadhaa, kuvaa kishikizo cha mguu na kufanya mazoezi ya kuimarisha msuli. Moshi kuna chuo cha TATCOT, kando ya hospitali ya KCMC, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa viungo bandia na vishikizo. Ujuzi upo, basi. Lakini mama ntilie anayesimama mbele ya jiko tangu alfajiri, akifika zahanati na kifundo kilichovimba, hupewa vidonge vya maumivu na kuambiwa apumzike. Hakuna anayemwomba asimame kwa ncha ya mguu mmoja, kipimo kisichochukua hata dakika moja. (Mwenye kisukari ambaye unyayo wake umevimba na kuwa wa moto bila kuuma sana ni suala jingine. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani mifupa yake yaweza kuwa inavunjika bila yeye kuhisi.)

Kuchelewa kuna gharama kubwa. Wakati unyayo bado unakunjika, mpasuaji aweza kuhamisha kano jirani ichukue kazi ya ile iliyochakaa, akaukata mfupa wa kisigino na kuusogeza ndani, kisha akaufunga kwa parafujo. Au hutumia njia aliyoieleza Dillwyn Evans mwaka 1975, ya kurefusha mfupa wa kisigino kwa kutia kipande cha mfupa, aghalabu kilichochukuliwa nyongani. Viungo hubaki vikicheza. Unyayo ukishakakamaa, njia inayobaki kwa kawaida ni kuunganisha viungo vyake kabisa. Maumivu hupungua, lakini unyayo hauwezi tena kujipinda kushoto na kulia. Mkazi wa nyumba yenye sakafu sawa aweza kulizoea hilo; mkulima wa miteremko ya Uluguru, apitaye juu ya matuta na mawe, hupoteza mengi. Na vijiti vidogo vinavyopachikwa kati ya mifupa ya watoto, vinavyosifiwa kwa wepesi wake, havifai kutiwa katika unyayo usiouma. Baadhi hulazimika kutolewa baadaye kwa sababu ya maumivu.

Kupona nako hakuelezwi vya kutosha. Kwa kawaida mgonjwa hufungwa plasta na kukatazwa kuukanyagia mguu kwa wiki sita hadi nane, kisha huanza kukanyaga kidogo kidogo. Viatu vya kawaida huvaliwa baada ya miezi mitatu hivi, na uvimbe waweza kuendelea hadi mwaka. Mfupa wa mvutaji sigara huchelewa kuunga. Maneno hayo husemwa haraka wodini, lakini maana yake huonekana nyumbani, ambako magongo huzama mchangani, choo ni cha kuchuchumaa, na kisima kiko mbali. Kabla ya kumwandikia mgonjwa tarehe, daktari yampasa aulize ni nani atakayemtekea maji na ni nani atakayesimama mahali pake sokoni. Ambapo mvua za masika huisha mwezi Mei na mavuno hufuata, mkulima aliyepasuliwa mwezi Julai atakuwa ameanza kukanyaga mwezi Septemba, na huenda akaweza kwenda shambani kwa kazi nyepesi ifikapo Novemba. Akipasuliwa mwezi Februari, atakuwa juu ya magongo wakati wa kupanda.