CHAVUA YA TOKYO HAIKULETWA NA UPEPO PEKE YAKE

Kila mwaka ifikapo Februari, wafanyakazi wa jiji la Tokyo hupanda magari moshi wakiwa wamefunika pua na vinywa kwa barakoa. Desturi hiyo ilikuwapo miaka mingi kabla ya ugonjwa wa korona. Kinachohofiwa ni chavua, yaani unga wa maua ya miti, hasa mti uitwao sugi, ambao wageni huuita mwerezi wa Japani. Unga huo hupeperushwa kutoka milimani mwendo wa makumi ya kilomita, na mwili wa mwenye mzio huupiga vita kana kwamba ni adui: chafya mfululizo, kamasi zisizokatika, macho mekundu yenye kuwasha. Kabla sugi haijamaliza, mti wa hinoki huwa umekwisha kupokea zamu.

Wako wanaosema kwamba hayo ni maumbile tu na hapana wa kuulizwa. Dhana hiyo ni potofu. Misitu ile ilipandwa na watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili milima mingi ya Japani ilikuwa vipara, kwa kuwa miti ilikatwa kwa mahitaji ya vita, kisha kwa kujenga upya miji iliyoteketea. Serikali ikahimiza upandaji wa sugi na hinoki, miti inayokua upesi na kunyooka. Uamuzi huo haulaumiki, maana taifa lilihitaji mbao na udongo ulihitaji kushikiliwa.

Kosa lilifuata baadaye. Mwaka 1964 uagizaji wa mbao kutoka nje uliachwa huru. Mbao za kigeni zikafurika sokoni, vijana wakakimbilia mijini, na mkulima wa mlimani akaona kwamba kuukata mti wake ni hasara kuliko kuuacha. Basi miti ikaachwa. Sugi hutoa chavua kwa wingi ikifikia umri wa miaka 30 hivi. Iliyotakiwa kuwa nguzo za nyumba ikawa kiwanda cha mafua. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu watu 39 katika kila 100 nchini humo wana mzio wa sugi.

Wenye mamlaka hawakukaa kimya, ila walichelewa. Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alipatwa na maradhi hayo mwaka 2005, na mwaka uliofuata jiji likaanza kukata sugi na kupanda miche yenye chavua chache. Pua ya kiongozi nayo ina kazi yake! Mwaka 2023 serikali kuu ilitangaza nia ya kupunguza mashamba ya sugi kwa asilimia 20 katika miaka 10, na kuipunguza chavua kwa nusu katika miaka 30.

Miaka 30 ni maisha ya kazi ya mtu mzima. Kwa sasa mwananchi anapewa utabiri wa chavua kila asubuhi kama utabiri wa mvua, kisha anakwenda dukani kununua dawa kwa fedha zake. Kuhesabu chavua wamekwisha kujua barabara. Lililobaki ni kupata mikono ya kukata: wafanyakazi wa misitu ni wachache na wengi wao wazee, nao wenye misitu wengi wana vipande vidogo visivyolipa gharama ya msumeno. Hao wasipolipwa sawasawa, mti hautaanguka, na msafiri wa gari moshi ataendelea kupiga chafya.