Miraba Mitatu

Ndugu zangu wa Garsen, Idsowe na Ngao,

Nawasalimu kutoka Leicester, Uingereza, ambako mvua ya leo haitoshi hata kulowesha jaruba moja la mpunga. Nimesikia yaliyosemwa kwenye matanga ya mjomba: kwamba ukoo wetu una saratani ndani ya damu. Na wapo waliokwisha kuwanong'oneza wachumba wa binti zetu wafikiri mara mbili. Hilo ndilo lililonifanya niandike hadharani.

Mwaka jana niliota kivimbe kwenye titi. Namshukuru Mungu, hakikuwa kitu. Lakini kabla hajaniaga, muuguzi alichukua karatasi akauchora ukoo wetu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na mstari wa kukata juu ya marehemu. Alikuwa akisaka jeni. Sote tuna jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, kila moja nakala mbili, ya baba na ya mama, na kazi yake ni kusaidia seli kujikarabati. Ukirithi nakala mbovu, hatari ya saratani ya titi na ya ovari hupanda sana, na kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Baba naye huirithisha, ingawa kwetu lawama huangukia upande wa mama. Ila saratani za kurithi hivi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100.

Maduara yetu yalikuwa safi. Kilichomshangaza ni miraba mitatu: babu, mjomba na kaka yetu mkubwa, wote kibofu. Akauliza kama walivuta sigara, maana huku hiyo ndiyo sababu kuu. Hapana. Akaishika kalamu kidogo, kisha: "Walishiriki nini kingine zaidi ya damu?"

Nikamtajia ziwa letu, Shakababo.

Mnakumbuka wavulana walivyokuwa wakikojoa damu, nasi wasichana tukiwacheka eti nao wamevunja ungo? Kile kilikuwa kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi ya mvuvi, ya mpanda mpunga, ya msichana anayefua. Minyoo ikikomaa hutaga, na mayai mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Mwili hupigana nayo miaka na miaka. Kovu juu ya kovu, seli zikijigawa bila kupumzika ili kuziba majeraha, na katika kujigawa huko jeni zao huharibika. Hapo saratani huanza. Kwa hiyo jeni zimo, lakini zimeharibikia ndani ya kibofu cha mtu mmoja, wala hamrithishi mwanawe. Mwaka 1994, mwaka uleule BRCA1 ilipotambuliwa, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon lilimweka mnyoo huyu katika orodha ya visababishi vya saratani.

Siapi kwamba ndiye aliyemuua mjomba. Hakuna aliyekata kinyama cha uvimbe wake akakipima. Lakini wenye kuwaogopa binti zetu wangeanza kuogopa maji wanayooga.

Dawa ipo, prazikwanteli, vidonge vya siku moja kulingana na uzito. Watoto hupewa shuleni. Mvuvi wa miaka arobaini nani humpa? Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri hata watu wazima wapewe pale ugonjwa ulipokithiri, basi ulizeni. Na mjue kuwa vidonge huua minyoo iliyomo. Ukirudi majini kesho, unaanza upya.

Dada, nimekutumia nauli. Wachukue watoto wa kaka, uende nao hospitali ya Ngao, na wewe mwenyewe upimwe. Najua desturi yako ya kudamka alfajiri upate namba ya kwanza. Safari hii usiharakishe: mayai hushuka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kunyweni chai kwanza.