Mwanao anataka kupiga filamu ya kutisha? Muulize wapi

SEHEMU YA 1: Msumari

Leo siongelei kunyonyesha wala homa za watoto. Naongelea filamu za kutisha. Msicheke, mtaona zinaingiaje hapa.

Kijana wa dada yangu yuko chuo, mwaka wa kwanza, anasomea filamu. Mwaka jana walipewa kazi: kikundi cha watu watano watengeneze trela ya filamu ya kutisha, isizidi dakika 2. Trela ni vile vipande vifupi vya kuonjesha watu filamu kabla haijatoka. Kwenye kazi yao filamu yenyewe hata haipo, ni trela tu. Jioni moja akaja nyumbani.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba. Leo umekuja na adabu, unataka nini?"

Akacheka. "Tunatafuta lokesheni. Tunaomba tukapige wodini kwenu, usiku, nusu saa tu. Wodi ya wazazi. Ile korido yenu inatisha kweli mamdogo."

Nikamwambia haiwezekani. Akataka kunieleza, nikamkatisha. Nilikuwa nakaanga samaki na nimetoka zamu ya usiku, sikuwa na maneno. Akaaga, akaondoka.

Siku nne baadaye dada akanipigia saa tano usiku. Mmoja wa wale vijana watano mguu umevimba kama mkate, na homa juu. Kumbe walikwenda kupiga kwenye pagala moja, usiku, tochi za simu. Kijana akakanyaga msumari, ukapita yeboyebo ukaingia kwenye nyayo. Wakaogopa kusema kwa wazazi. Wakamwagia mafuta ya taa, wakafunga kitambaa, wakaendelea kupiga.

Alilazwa siku tano. Ilibidi wampasue nyayo kutoa usaha. Amepona, anatembea, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile najiuliza. Kukataa nilikuwa sahihi, na leo akija tena nitakataa tena. Ila jibu langu liliishia katikati. Nilimwambia pasipofaa, sikumwambia panapofaa. Naye kazi ya chuo ilikuwa inamsubiri, akaenda kujitafutia mwenyewe gizani.

SEHEMU YA 2: Kwa nini wodi hapana

Kuna watakaosema nesi ana roho mbaya, nusu saa ingemgharimu nini. Nieleze.

Kwanza, wodini kuna watu. Mama aliyejifungua saa nane usiku yuko nusu uchi, amechoka, analia au anacheka. Siri yake ni yake. Kamera ikipita koridoni inabeba sura yake, sauti yake, hata jina lake kwenye faili. Mimi siwezi kuitoa siri hiyo, na yeye ndiye angepaswa kuulizwa, si mimi.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ni hofu. Nimekutana na akina mama wanaofika wakiwa wamechelewa kwa sababu wanaiogopa hospitali. Mmoja aliniambia anaona chumba cha upasuaji anakumbuka filamu, nesi mwenye macho meupe na mkasi mkononi. Alikuwa anahitaji upasuaji na anatetemeka kwa kitu cha kuigiza. Sasa fikiria trela ya dakika 2 imepigwa kwenye wodi ambayo watu wa mtaa wanaijua, mlango ule ule, kitanda kile kile. Ikisambaa kwenye simu, maelezo ya "hii ni kazi ya chuo" yanabaki nyuma, picha inatangulia.

Uvumi wa kutisha hautaki ushahidi. Mwaka 1995 kule Zanzibar habari za Popobawa zilifanya watu walale nje kwa makundi kwa kuogopa vyumba vyao wenyewe. Marekani mwaka 1999, filamu ya The Blair Witch Project ilitangazwa kama vile ni mkanda wa kweli wa vijana waliopotea msituni, na wapo watazamaji walioamini. Kwa watengenezaji ilikuwa biashara nzuri. Kwangu mimi, mama mmoja akiamua kujifungulia nyumbani kwa sababu "wodi ile ina mambo", hiyo ni damu ya kweli.

SEHEMU YA 3: Lakini usimpige marufuku

Najua baadhi yenu mtaandika hapo chini: dawa ni kuwakataza kabisa, mambo ya mashetani hayo. Mimi sikubaliani.

Sisi tumelelewa na hadithi za kutisha. Bibi alizima koroboi akatusimulia zimwi, tukajibana kwenye mkeka, kesho yake tukaomba tena. Hofu ya hadithi unaionja ukiwa mahali salama, ukiwa umemshika mtu mkono. Na wenzetu wamefanya kazi hiyo kwenye filamu za Kiswahili pia: Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi ziliwatisha watu wazima sebuleni miaka ile ya 2000.

Kijana anayejifunza kupiga trela anajifunza kazi. Kupanga muda, kuelewana na wenzake, kuandika, taa, sauti, kuhariri. Ukimkataza, hataacha. Atafanya bila kukuambia. Wale watano walificha msumari siku mbili kwa sababu mzazi hakuna aliyejua wako wapi. Hofu ya mama ilikuwa kubwa kuliko hofu ya pepopunda.

Kwa hiyo swali langu sasa limebadilika. Zamani niliuliza "kwa nini unapiga mambo hayo?" Sasa nauliza "unapiga wapi?"

SEHEMU YA 4: Mahali hapatishi, kamera ndiyo inatisha

Hili nililijua baadaye, nilipokaa na wale vijana kuwasaidia. Trela haihitaji jumba la kutisha. Inahitaji picha kumi, kumi na tano hivi, kila moja sekunde chache, na sauti nzuri. Mtazamaji haoni nyumba nzima. Anaona kitasa kinazunguka. Anaona kanga inatikisika kwenye kamba na upepo hakuna. Anaona mguu wa mtoto chini ya pazia. Basi.

Mfano mkubwa ni Paranormal Activity. Oren Peli aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego, kwa siku kama 7, na gharama ya awali ilikuwa dola 15,000 hivi. Chumba cha kulala, ngazi, jikoni. Ikaja kuingiza mamilioni. Na ile Night of the Living Dead ya mwaka 1968 ilipigwa kwenye nyumba ya shamba Pennsylvania iliyokuwa inasubiri kubomolewa. Walipewa ruhusa, hawakujiingilia.

Usiku nao si lazima. Ziba madirisha kwa blanketi nzito saa sita mchana, washa taa moja ya pembeni, kwenye kamera ni usiku wa manane. Majirani wako macho, gari zipo, zahanati iko wazi.

Damu? Kwenye Psycho ya mwaka 1960 damu ya bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa sababu picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ya rangi unapika sukari na maji mpaka vizito, unatia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo. Wale vijana walikuwa wamepanga kuomba damu machinjioni. Jamani, hapana. Damu ya mnyama ina magonjwa yake, na inakaribia mdomo na macho. Sauti ya mfupa unaovunjika ni karoti au kabichi. Mambo yote ya jikoni haya, mama ndiye mwenye stoo.

SEHEMU YA 5: Maswali ya kumuuliza kabla hajatoka

Hifadhi hii.

1. Pana mwenyewe? Kila mahali pana mwenyewe, hata pagala. Aombe ruhusa, aende na barua ya chuo, na serikali ya mtaa ijue. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na kuna Bodi ya Filamu, kwa hiyo mwalimu awaeleze mapema taratibu zinazowahusu. Wengine wanapenda magofu, mfano Kaole kule Bagamoyo. Ni eneo la urithi, lina wasimamizi na kiingilio, na yale makaburi ni ya watu. Usikalie kaburi la mtu kwa ajili ya picha.

2. Majirani wanajua? Hili naliogopa kuliko misumari. Vijana watano, nyuso zimepakwa unga na nyekundu, wanatoka kwenye pagala saa saba usiku. Mtu mmoja akipiga kelele ya mwizi au mchawi, nani atasubiri kuelezwa habari ya trela? Hasira za watu hazina mhariri.

3. Pakoje chini na juu? Misumari, vyupa, nondo zilizochomoza, ngazi zisizo na ukingo, shimo la choo lililofunikwa bati, kisima, nyoka, nyuki. Aende kwanza mchana kupakagua, amevaa viatu vilivyofunika mguu. Yeboyebo ziachwe nyumbani.

4. Mnatokaje? Mlango wa pili uko wapi, mtandao wa simu upo, nani ana gari au namba ya bodaboda wanayemwamini. Na mtu mzima mmoja ajue wako wapi na wanarudi saa ngapi.

5. Nani anakaa pale? Kama pana wagonjwa, wafiwa, wanafunzi wa bweni au mtu aliyelala humo kwa kukosa pa kulala, hapo si lokesheni. Hapo ni kwa watu.

Na likitokea la msumari: osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, funika kidogo kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya siku ile ile. Usimwagie mafuta ya taa wala mafuta ya breki. Chanjo ya pepopunda mtoto aliipata kwenye zile sindano za miezi ya mwanzo. Wanawake wengi huchomwa tena kliniki wakiwa wajawazito. Mvulana wa miaka 20 mara nyingi hajachomwa tena tangu utotoni. Mkumbuke.

SEHEMU YA 6: Wadogo zao

La mwisho, na hili ni kwenu mlio na wadogo nyumbani. Vijana wakikosa mwigizaji wanamtazama mdogo wao wa miaka minne. "Wewe utakuwa mzimu." Wanampaka, wanamzimia taa, wanamwambia alie.

Mtoto wa miaka minne hajui vizuri mpaka wa kuigiza na kweli. Kaka yake mwenye uso wa damu, kwake ana damu. Baadaye mnaniuliza inbox mbona mtoto ameanza kukojoa kitandani, mbona anaogopa choo. Mdogo asiigize kwenye matukio ya kutisha. Kama ni lazima aonekane, mpigeni akicheza kwenye mwanga, mchana, mama akiwa pale, halafu sauti na giza viongezwe kwenye kompyuta. Na asioneshwe kilichotoka.

Sasa mwisho wa habari. Yule kijana alipotoka hospitali, mwalimu aliwaongezea wiki moja. Nikawaita kwangu Jumamosi, saa tano asubuhi. Wakaziba madirisha ya korido yangu kwa mablanketi. Mwenye mguu akakaa kwenye kiti, akawa ndiye anayeshika kipaza sauti. Mimi nilipewa kazi ya kuzungusha kitasa kutoka upande wa pili, polepole, mara kumi na moja mpaka mwelekezi akaridhika. Wali niliwapikia mimi, mchele wangu.

Walipomaliza kuhariri wakaniletea niione. Korido ile ninayoipiga deki kila siku, naijua mpaka kigae kilichopasuka. Mwenzenu niliogopa. Usiku nilienda chooni nikiwa nimewasha taa zote.

Mwanzoni waliandika kwa herufi kubwa: HAYA NI MAIGIZO. Mwishoni waliniandikia shukrani, "mwenye nyumba". Kijana wa dada akaniambia, "Mamdogo, kumbe kwako ndiyo kunatisha kuliko wodini." Nikampiga kofi la begani.

Kwa hiyo akija kukuomba mahali, kataa pale panapostahili kukataliwa. Halafu usirudi kwenye samaki kama mimi. Vuta kiti, mwambie kaa, tutafute pengine.

Wewe ungempa sehemu gani ya nyumba yako? Niandikie hapo chini. Sehemu ijayo tunarudi kwenye homa za usiku.