Samaki wa bia: mtoto naye ale?

Mtu wa Musoma hahitaji kufundishwa kukaanga samaki. Sato anachanjwa ubavuni, anapakwa chumvi na ndimu, kisha anaingia kwenye mafuta mzima na kichwa chake. Bibi yangu wa Majita angekushangaa ukimvalisha sato wa leo koti la unga. Lakini video za samaki wa bia zinazunguka kwenye simu, na wazazi wananiuliza mambo mawili: kweli anakauka vizuri zaidi? Na mtoto anaweza kula?

La kwanza, ndiyo. Bia ina gesi. Rojo likigusa mafuta ya moto, vipovu hutanuka na kuacha matundu madogo. Kileo nacho hugeuka mvuke upesi kuliko maji, hivyo ganda hukauka kabla nyama haijakakamaa.

La pili lina maneno. Wengi husema kileo huungua chote. Si kweli. Huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi, ila kikishachanganyika na maji na unga hakitoki chote kwa dakika tano. Kinachobaki ni kidogo, maana bia nyingi zina kileo cha asilimia 5 hivi. Hata hivyo, kwa watoto, mjamzito au mtu anayejitahidi kuacha pombe, mimi natumia maji ya soda yasiyo na sukari, ya baridi kabisa. Gesi ndiyo yenye kazi kubwa. Utakosa ladha ya bia tu. Soda tamu hapana, sukari yake huungua samaki akiwa bado mbichi.

Nunua minofu ya sangara. Sato ni mtamu, ila miiba yake ikifichwa na ganda mtoto haioni. Walio mbali na ziwa, kama Kiabakari kule Butiama, wawe makini zaidi, kwa sababu samaki husafiri juani. Mnofu hauna macho wala matamvua ya kukagua, kwa hiyo bonyeza: nyama irudi juu. Ukinuka vibaya, uache. Viungo huficha harufu, haviondoi ubovu.

Kwa nusu kilo, kata vipande vinene kama kidole gumba, vikaushe kwa kitambaa safi, vipake unga mkavu. Changanya kikombe kimoja cha unga wa ngano, vijiko viwili vya unga wa mchele, nusu kijiko cha chai cha chumvi na pilipili manga. Mimina kikombe kimoja cha bia baridi mafuta yakiwa yameshapata moto, koroga kidogo tu. Mabonge madogo yasikusumbue. Ukikoroga sana gesi inatoroka na ganda linakuwa gumu.

Mafuta ya alizeti au ya pamba yasizidi nusu ya sufuria. Dondosha tone la rojo: likizama kidogo na kuibuka likichemka, tayari. Weka vipande vitatu vitatu, dakika nne hadi sita. Viweke juu ya wavu. Ukivifunika kwenye hotipoti mvuke utalainisha kila kitu.

Sasa jiko lenyewe. Jiko la mkaa likiwa chini sakafuni, sufuria ya mafuta iko usawa wa mkono wa mtoto anayetambaa. Likae mahali asipofika, hata kama ni kumfungia mlango kwa nusu saa. Mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko, usimwagie maji kamwe. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo isiyogandia ngozi, mfunike asipate baridi, kisha mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno, unga na mayai viache jikoni.

Mafuta yakipoa, yachuje chembe za unga. Yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi mapema, yamwage. Najua bei yake, lakini yamwage.